Siku niliyomrudisha Valentina kutoka Mun

Watu wakisikia nacheza Kerbal Space Program, swali la kwanza huwa ni lile lile: umefika wapi? Nikiwaambia nimeshatua Duna, ile sayari nyekundu, wanaridhika. Mimi mwenyewe Duna sijivunii sana. Nilifuata maelekezo ya wenzangu hatua kwa hatua, nikafika. Safari iliyo moyoni mwangu ni ya Mun, mwezi wa karibu kabisa, nilipokwenda kumchukua rubani aliyeishiwa mafuta. Ilinichukua wiki tano. Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote anayeanza, kwa sababu yote ninayoyajua kuhusu gemu hii niliyajua katika wiki hizo.

Kwa asiyeijua: gemu ilitengenezwa na Squad, kampuni ya Mexico. Toleo la kwanza lilitoka Juni 2011, na toleo kamili Aprili 2015. Unaunda roketi kipande kwa kipande, unairusha, kisha fizikia inakuhukumu. Sayari ya nyumbani, Kerbin, ni ndogo. Kutoka katikati hadi juu ya ardhi ni kilomita 600 tu, na hewa yake inakoma kilomita 70 juu.

Mwanzoni nilikuwa narusha roketi wima moja kwa moja, inapanda mpaka mafuta yanaisha, halafu inarudi chini. Kufika juu ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kupata mwendo wa kwenda upande, zaidi ya mita 2,200 kwa sekunde, ili ukianguka uwe unaikosa sayari kila mara. Kwa hiyo ukifikisha mita 100 kwa sekunde, ilaze roketi nyuzi tano hivi kuelekea mashariki, kisha iache iendelee kuinama taratibu yenyewe.

Kwa nini mashariki? Nimekulia Malindi, na tangu utotoni nilijua kwamba kule Ngomeni kuna majukwaa ya chuma baharini ambako Waitaliano walikuwa wakirusha roketi. Setilaiti ya Uhuru iliondokea pale tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ndiyo maana ikapewa jina hilo. Nilijua hadithi, sababu sikuijua. Ni gemu iliyonifundisha. Karibu na ikweta dunia yenyewe inakusukuma kwenda mashariki kwa mita 465 kwa sekunde kabla hujawasha injini, na upande huo kuna bahari tupu ya kupokea vipande vinavyodondoka. Kituo cha kurushia cha Kerbin nacho kiko kwenye ikweta, bahari ikiwa mashariki. Siku nilipoling'amua hilo nilitoka nje nikasimama kuitazama Bahari ya Hindi kwa muda mrefu.

Ushauri mwingine ambao sikuufuata: kabla ya Mun, nenda Minmus, mwezi mwingine wa Kerbin. Ni mbali zaidi na obiti yake, yaani njia yake ya kuzunguka, imeinama nyuzi sita, lakini mvutano wake ni mdogo sana na kuna nyanda tambarare kama sakafu. Utajifunza kutua bila adhabu.

Mimi nilikwenda Mun. Nikampeleka Valentina, rubani ambaye jina lake lilinikumbusha Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda angani, Juni 1963. Kwa kuogopa kugonga, nilianza kufunga breki juu mno. Nikawa naning'inia juu ya moto wa injini, nashuka polepole kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nilidhani huo ndio uangalifu. Lakini kila sekunde unayoning'inia, Mun inakuvuta mita 1.6 kwa sekunde, na mafuta yanayopambana na mvutano huo hayakupeleki popote. Nilining'inia dakika mbili nzima. Yaani karibu mita 200 kwa sekunde za mwendo wa kurudia nyumbani ziliteketea hapo hapo. Valentina alitua salama, akachomeka bendera, akapanda tena hadi obiti ya kilomita 40, na tangi likabaki karibu tupu. Kurudi Kerbin kulihitaji mafuta ya kuongeza mwendo kwa takriban mita 270 kwa sekunde. Alikuwa na ya 80.

(Wazoefu wanajua kwamba angeweza kutoka nje na kukisukuma chombo kwa mkoba wake wa gesi. Wakati ule sikuijua hila hiyo.)

Mdogo wangu alikuwa amekaa kando yangu. "Kaka, si ubonyeze F9 tu, urudi pale kabla hujatua?"

Nikamwambia Valentina hana F9.

Huu ndio ushauri wangu mkubwa kuliko yote: jiwekee sharti lako mwenyewe, ulishike. Gemu inakuruhusu kurudisha muda nyuma kila unapokosea, na kwa kujifunza kutua sioni ubaya, rudia hata mara mia. Lakini chagua safari moja ambayo hutairudisha nyuma kwa lolote lile. Hapo ndipo utaanza kuhesabu mafuta kabla ya kuondoka, kuandika namba daftarini, na kuuliza kwa nini badala ya kujaribu tu. Daftari langu la wiki zile bado ninalo.

Nilimtuma Jebediah, rubani mwingine wa gemu, na chombo cha viti viwili, kimoja kitupu. Alifika obiti ya Mun vizuri, akamkaribia Valentina hadi kilomita nane. Nikaelekeza pua kwenye alama ya waridi inayoonyesha chombo unachokilenga, nikawasha injini. Umbali ukapungua kidogo, halafu ukaanza kuongezeka. Nikaongeza moto. Akazidi kutuacha. Nilihangaika hivyo karibu saa nzima, mpaka mafuta yaliyobaki yakawa ya kumrudisha Jeb peke yake. Nikamrudisha na kile kiti kitupu. Usiku ule sikulala vizuri, na sioni haya kusema hivyo juu ya mtu wa kijani wa kwenye kompyuta.

Kesho yake nilianza kusoma, nikakuta kwamba kosa langu lilikuwa na historia. Juni 1965, mwanaanga wa Marekani James McDivitt akiwa ndani ya chombo cha Gemini 4 alijaribu kukikaribia kipande cha roketi yake mwenyewe kwa njia hiyo hiyo, yaani kukielekea na kuwasha injini. Kikazidi kumkimbia, mafuta yakapungua, akaacha. Alikuwa rubani hodari wa ndege, lakini angani hesabu ni nyingine. Ukiongeza mwendo, obiti yako inapanda, na obiti ya juu ina mzunguko mrefu na wa polepole. Kwa hiyo unachelewa. Ukitaka kumfikia aliye mbele yako, punguza mwendo, shuka chini yake, uzunguke haraka kuliko yeye. Desemba mwaka huo huo Gemini 6A iliifikia Gemini 7 kwa utaratibu huo wa kupitia obiti ya chini, vikakaribiana hadi sentimita 30 hivi.

Nikapiga hesabu upya daftarini. Valentina, kilomita 40 juu ya Mun, alikuwa akizunguka kwa dakika 48. Chombo kilicho kilomita 15 juu huzunguka kwa dakika 41. Basi kila mzunguko ningempunguzia dakika saba, bila kutumia mafuta hata tone. Kilichohitajika ni kusubiri.

Safari ya pili Jeb alikaa kule chini mizunguko minne. Nilipoona amebaki nyuma kwa kiasi kinachofaa, nikainua upande mmoja wa obiti yake uguse ile ya Valentina. Vikapishana kwa kilomita 1.3. Na hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo soma taratibu: usiwahi kumkimbilia. Kwanza badilisha kipimo cha mwendo kisome mwendo wako dhidi ya chombo unachokilenga, halafu usubiri hadi mkaribiane kabisa, ugeuke kinyume, uchome mpaka kisome sifuri. Sasa mmesimama pamoja, ingawa nyote mnakwenda mita mia tano na kitu kwa sekunde. Ndipo umsogelee kidogo kidogo. Mimi nilianza na mita 10 kwa sekunde, nikapunguza hadi mbili nilipobakiwa na mita 200, nikasimama kwenye mita 40.

Valentina akafungua mlango. Kwa mkoba wa gesi mgongoni akavuka ile nafasi nyeusi, Mun ikipita chini yake. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho. Akashika ngazi. Mdogo wangu akapiga kelele mpaka mama akatoka jikoni kuuliza nani ameumia.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Nililenga kupita kilomita 30 juu ya Kerbin ili hewa ifunge breki, parachuti zikafunguka, wakatua baharini alfajiri ya kule. Tangu hapo kila chombo changu kina ngazi, kina mahali pa kuunganishia, na mafuta ya akiba ya kubadilisha mwendo kwa mita 300 kwa sekunde ambayo siyagusi.

Kile chombo cha Valentina bado kinazunguka Mun, kilomita 40 juu, tangi likiwa karibu tupu. Gemu inaruhusu kukifuta kwa kubofya mara moja. Nikipita njia hiyo nakwenda mbali zaidi, huwa natafuta alama yake kwenye ramani kwanza.