Uzazi Huanzia Kichwani

*Shikamoo mkunga. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, huvua kwa taa usiku usio na mwezi. Giza lote yuko kambini, hurudi nyumbani Kibirizi wakati wa mbalamwezi. Mwaka na nusu tunatafuta mtoto. Siku zangu nazo huja mwezi ukiwa mpevu, na majirani wanasema mwezi umenifunga. Ni kweli?*

Marahaba mwanangu. Mwezi haujakufunga, umeangukiana tu na siku zako. Anayepanga siku hizo yuko kichwani, sehemu ndogo upande wa chini wa ubongo iitwayo haipothalamasi. Humwaga homoni kwa mapigo, si mfululizo: katika nusu ya kwanza ya mzunguko, pigo moja kila baada ya dakika 60 hadi 90 hivi. Pigo hilo huamsha tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere, nayo hutuma homoni zake hadi kwenye vifuko vya mayai. Yai likikaribia kukomaa, kifuko hurudisha habari juu kwa homoni ya estrojeni. Ikipanda vya kutosha, pituitari hufungulia homoni zake kwa mkupuo, na baada ya saa 36 hivi yai linatoka.

Sasa tuhesabu. Mwezi wa angani huchukua siku 29 na nusu. Kama mzunguko wako ni siku 28 au 29 na damu huanza mbalamwezi, yai hutoka karibu siku ya 14 au 15. Hapo ni giza totoro, taa ziko ziwani na mume wako yuko nazo. Mbegu zake huweza kuishi mwilini mwako hadi siku 5, yai halimalizi hata siku 2. Akiwa nyumbani yai halipo, yai likiwepo yeye hayupo! Inaniuma, maana nimeona wanawake wakiitwa wagumba kwa sababu ya ratiba ya dagaa. Mwombe aache safari za giza moja au mawili, awe nyumbani kuanzia siku ya 10 hadi ya 16. Na kwa kuwa mwaka umepita, nendeni mkapime wote wawili. Naye mbegu zake zipimwe, asikutume peke yako.

*Mtoto wangu ana miezi 4, sijaona damu tangu nijifungue. Mama mkwe anasema ninyonyeshe tu, sitashika mimba. Nimwamini? Mama wa Ujiji.*

Mwamini, ila kwa masharti. Mtoto asizidi miezi 6, ale ziwa lako tu mchana na usiku, na damu iwe haijarudi. Yote yakitimia, wanawake 98 kati ya 100 hawashiki mimba. Mtoto anapovuta chuchu, habari hufika kwenye ubongo, homoni ya prolaktini hupanda, na yale mapigo niliyoeleza juu hufifia. Majirani zetu sokwe wa Gombe hunyonyesha kwa miaka, ndiyo maana huzaa takriban kila baada ya miaka 5. Lakini siku utakayompa uji, kinga hiyo usiitegemee tena. Yai hutangulia damu, hivyo unaweza kubeba mimba kabla hujaona tone. Fika kliniki mapema uchague njia nyingine.

*Nanyanyua vyuma hapa Mwanga, jamaa ananichoma sindano za testosteroni. Mwakani naoa. Kuna ubaya?*

Upo, kijana wangu. Ubongo ukikuta testosteroni imejaa kwenye damu, huacha kuziamrisha korodani. Zinasinyaa, mbegu zinapungua, hata kuisha kabisa. Wengi hurudia hali yao wakiacha, ila mbegu moja huchukua zaidi ya miezi 2 kutengenezwa, na kupona kwaweza kupita mwaka. Mwone daktari sasa, usingoje harusi.

*Nipo kidato cha nne Kasulu. Nasoma hadi usiku wa manane, nakula mlo mmoja. Miezi 3 sijaona siku zangu. Sina mwanaume, lakini mama haniamini.*

Mimi nakuamini. Ubongo ukiona chakula kidogo na hofu nyingi, huzima mapigo, kwa kuwa mwili wenye njaa hauwezi kubeba mtoto. Mama, kama unasoma hapa, kipimo cha mkojo cha dakika 5 kitamaliza ugomvi. Kisha mpeleke kwa daktari, miezi 3 si ya kupuuza, na leo jioni mwongezee ugali na migebuka.