Mercedes 450 SLC mnadani: bati kwanza, injini baadaye

Barua za safari hii zimetoka Lubumbashi, na karibu zote zinazunguka gari moja: Mercedes-Benz 450 SLC ya 1978, kupe ya milango miwili, iliyotangazwa kwenye mnada huko Ubelgiji. Tumezijibu kwa pamoja, maana jibu la mmoja linamgusa mwenzake.

Jambo kwenu wataalamu. Tangazo la mnada linasema motokari ni nzuri, injini yake ya asili, "kutu kidogo". Picha ni 20, zote zinapendeza. Niangalie nini kabla ya kutoa dau? — Msomaji, Kamalondo

Baba, katika tangazo zima hayo maneno mawili, "kutu kidogo", ndiyo ya kukutia wasiwasi. Kutu ya SLC huanzia mahali ambapo mpiga picha wa mnada hafiki. Pia usiingiwe na haraka. Gari hili lilionyeshwa Paris mwaka 1971 na likaundwa hadi 1981, jumla 62,888, na kati ya hayo 31,739 ni 450 SLC kama hili. Ukilikosa hili, lingine litakuja. Injini inafunguliwa Lubumbashi, breki zinatengenezwa Lubumbashi. Lakini bati likiliwa nyuma ya dashibodi, kazi inakuwa nyingine kabisa: dashibodi nzima itoke, boksi la hita litoke, ndipo tolye (fundi wa bati) aone pa kuchomelea. Saa hizo za kazi zinaweza kupita bei ya gari.

Shida inakuja hivi. Chini ya wipa kuna mfereji unaopokea maji ya kioo cha mbele, na hita nayo huvuta hewa yake hapohapo. Maji ya mfereji hutoka kwa mirija midogo ya mpira. Gari likilala chini ya mti, majani huingia, huoza, huwa tope jeusi, na mirija huziba. Maji yanasimama juu ya bati linalotenganisha injini na abiria, yanalila polepole, kisha yanapenya hadi miguuni. Zulia la SLC lina sifongo nene chini yake. Sifongo hiyo ikilowa haikauki, nayo sakafu inaoza kuanzia juu huku chini ya gari rangi nyeusi bado inang'aa. Ndiyo sababu picha iliyopigwa kutoka chini, gari likiwa juu ya lifti, inadanganya watu wengi.

Waandikie watu wa mnada uombe vitu viwili. Kwanza, picha za miguuni, upande wa dereva na wa abiria, zulia likiwa limeinuliwa pamoja na sifongo yake. Pili, video fupi ya lita 1 ya maji ikimwagwa taratibu chini ya wipa: maji yaonekane yakitoka chini ya gari papo hapo, na ndani pabaki pakavu. Wakikataa vyote viwili, hesabu gari kama lililooza na upunguze dau lako kwa kiasi hicho, au uliache.

Baada ya hapo ndipo uende sehemu nyingine: vizingiti chini ya milango, hasa kwenye matundu ya jeki (ng'oa kizibo cha mpira, mulika ndani kwa tochi), matao ya magurudumu ya nyuma, shimo la tairi la akiba ndani ya buti, na ukingo wa chini wa kioo cha nyuma. Mabawa ya mbele yamefungwa kwa bolti. Bolti zilizochubuka rangi zinasema kwamba bawa liliwahi kutolewa, basi uliza sababu.

Ukiwa na ndugu huko Ubelgiji anayeweza kwenda siku ya maonyesho, mpe sumaku ndogo iliyovingirishwa kitambaa laini na kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani huwa kati ya maikroni 100 na 180 hivi. Ikifika 300, gari limepakwa upya, na hilo si dhambi. Ikipita 800, chini yake kuna mastiki (puti ya kujazia bati), na sumaku itateleza badala ya kushika. Apime kila paneli mahali kumi, zaidi sehemu za chini, kiganja kimoja juu ya kizingiti.

Jambo la mwisho la chini ni fremu ndogo ya mbele inayobeba injini na mikono ya magurudumu. Kwenye familia hii ya magari hupasuka karibu na pale mkono wa chini unapofungwa. Ufa mwembamba unafichwa na uchafu wa grisi, kwa hiyo pafutwe kwanza ndipo papigwe picha. Fundi hodari anaweza kuuchomelea na kuongeza bamba la kuimarisha, ila ni lazima ujue kabla ya nyundo kugonga meza.

Kuna jingine katika mnada huohuo wanaloliita "450 SLC 5.0", na bei yake inaanzia juu zaidi. Nitajuaje kama ni kweli? — Msomaji, Kampemba

Soma namba ya shasi. Tarakimu sita za kwanza ndizo aina ya gari: 107024 ni 450 SLC ya kawaida, 107026 ni 5.0 ya kweli. Tarakimu mbili zinazofuata zina maana kubwa kwetu. Ya kwanza ikiwa 1, usukani uko kushoto. Ikiwa 2, uko kulia. Ya pili ikiwa 0, giaboksi ni ya mkono. Ikiwa 2, ni otomatiki. Kwa barabara za Kongo, ambako tunaendesha upande wa kulia, tafuta namba inayoanza 107024-12 au 107026-12. Omba picha ya kibao na picha ya namba iliyogongwa kwenye bodi yenyewe, kisha uzilinganishe tarakimu kwa tarakimu.

5.0 ziliundwa 1,636 tu. Injini yake ya sm³ 5,025 ina bloku ya aluminiamu na nguvu farasi 240, wakati 450 ya kawaida ya Ulaya ya miaka hiyo ina bloku ya chuma, sm³ 4,520 na nguvu farasi 217. Boneti na kifuniko cha buti cha 5.0 ni aluminiamu, kwa hiyo sumaku isishike. Kibawa cheusi cha nyuma (spoila) hakithibitishi kitu, yeyote anaweza kukinunua na kukifunga.

Na kwa wanaodhani kupe ya kifahari haiwezi vumbi: mwaka 1979, katika mbio za Bandama nchini Côte d'Ivoire, 450 SLC 5.0 zilichukua nafasi nne za kwanza, Hannu Mikkola akiwa mshindi, tena kwa giaboksi ya otomatiki. Shasi hii ilijengwa kwa nguvu.

Kijana wangu anataka kuweka dau la euro 20,000. Anasema ndiyo bei. Mimi naogopa kuna mengine. — Mama wa kwa Bel-Air

Unaogopa kwa haki, Mama. Bei ya nyundo ni mwanzo tu. Juu yake mnada huongeza ada ya mnunuzi, na kila nyumba ya mnada ina asilimia yake iliyoandikwa kwenye masharti. Tuchukue mfano wa 15%: ada ni euro 3,000. Juu ya ada hiyo kuna TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya Ubelgiji ya 21%, yaani euro 630. Tayari ni 23,630, na gari bado liko ukumbini. TVA hiyo mara nyingi hurudishwa ukithibitisha kwamba gari limetoka Ulaya, lakini unailipa kwanza. Aulize pia ni siku ngapi za kuhifadhiwa bure, maana baada ya hapo kila siku ina malipo yake.

Kisha kuna safari. SLC ya Ulaya ina urefu wa mita 4.75 na upana wa mita 1.79, inaingia vizuri katika kontena la futi 20 lenye mita 5.9 ndani. Ifungwe kwa mikanda inayoshika magurudumu, isivutwe kwa mikono ya chini ya mbele. Betri itenganishwe, tangi libaki na petroli kidogo sana. Kutoka Antwerp hadi Dar es Salaam, kisha barabara ya karibu km 2,000 kupitia Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, halafu km 90 hivi za kuingia Lubumbashi. Bima ianze mlango wa ukumbi wa mnada na iishie mlango wa nyumba yenu, si bandari hadi bandari.

Duane (forodha) hupiga ushuru juu ya bei ya gari pamoja na nauli na bima, na TVA yetu ya 16% inakuja juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Kwa hiyo kijana asitoe dau lolote kabla ya kwenda DGDA (ofisi ya forodha) na OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa) na karatasi yenye mwaka wa gari na namba ya shasi, kuuliza sheria ya umri wa magari yanayoingia na kiasi cha kulipa. Apate jibu la maandishi. Akishajua gharama zote, ahesabu kurudi nyuma: achukue pesa mliyo nayo yote, atoe robo ya kurekebisha gari likifika, atoe ushuru, atoe nauli, atoe ada. Kinachobaki ndicho dau. Akiandike kwenye karatasi, na mnada ukipita hapo afunge simu.

Gari limelala miaka 9. Likifika gerejini kwetu, tuliwashe namna gani bila kuua injini? — Fundi, Ruashi

Usiguse ufunguo siku ya kwanza. Toa boji (plagi) zote 8, weka karibu ml 5 za mafuta ya injini katika kila silinda, acha hadi kesho. Halafu zungusha injini kwa mkono, soketi ya mm 27 kwenye bolti ya puli ya mbele, kwa upande wa saa tu. Ukizungusha kinyume, mnyororo wa taimingi unalegea upande usiofaa na unaweza kuruka jino. Ikikwama, simama, usiongeze bomba refu kwenye spana.

Ikizunguka vizuri mara mbili kamili, fungua vifuniko vya vali. Hapa utazame mambo mawili kwa karibu. La kwanza ni reli za plastiki zinazoongoza mnyororo. Zikizeeka hugeuka rangi ya kahawia iliyoiva na huvunjika kama biskuti. Kipande kikiingia kati ya mnyororo na jino, vali hukutana na pistoni na injini imekwisha. Reli ukizikuta hivyo, zibadilishe pamoja na mnyororo na kikaza chake, hata kama mileji inaonekana ndogo. La pili ni bomba jembamba linalopeleka mafuta juu ya kamshafti. Viungio vyake vya plastiki hulegea, kamshafti inakosa mafuta, na wewe unasikia mlio wa tiki-tiki ukidhani ni vali.

Badilisha mafuta, karibu lita 8 pamoja na filta. Zungusha kwa stata, boji zikiwa bado nje, hadi mshale wa mafuta unyanyuke. Injini ikishawaka na kupata moto, mshale usishuke chini ya 0.3 bar injini ikizunguka bila kukanyaga gesi, na ufike 3 kwenye mizunguko 3,000.

Upande wa petroli, gari la 1978 lina K-Jetronic, mfumo wa Bosch wa kunyunyizia petroli. Mwaga petroli yote ya zamani, safisha tangi (linachukua lita 90, na utashangaa kutu iliyomo), badilisha filta na mipira yote, kwani mfumo unafanya kazi kwa karibu 5 bar na mpira wa zamani utapasuka juu ya injini yenye moto. Pima pampu kwenye bomba la kurudi: lita 1 ndani ya sekunde 40. Usibonyeze lile sahani linalopima hewa inayoingia wakati pampu inafanya kazi, petroli itajaza silinda. Sindano (pistoni ndogo) ya ndani ya kigawanyo cha petroli ikinata kwa utomvu wa petroli iliyooza, usiipige wala usiing'oe kwa koleo. Iloweshe kwa kisafishaji na uwe na subira ya siku mbili.

Mipira ya breki badilisha yote bila kuijaribu. Huvimba kwa ndani, pedali inakuwa ngumu, na gurudumu linabaki limeshikwa.

Letu la aina hiyo tulilinunua mwaka jana. Linavuta vizuri, ila linanukia petroli na boji ni nyeusi. Ulaya walisema lilikuwa sawa. — Msomaji, Katuba

Lilikuwa sawa kwa Ulaya. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200 hivi, hewa ni nyepesi, na K-Jetronic ya aina hii haijui hilo: inatoa petroli zaidi kidogo ya inayotakiwa. Hakikisha kwanza filta ya hewa ni safi na shinikizo la kudhibiti ni sahihi injini ikiwa moto. Kisha, kwa ufunguo wa pembe sita wa mm 3, geuza skrubu ya mchanganyiko kinyume cha saa kwa sehemu ndogo sana, kama dakika moja ya uso wa saa kila mara. Toa ufunguo, nyanyua mwendo wa injini kidogo, subiri itulie, ndipo upime tena. Ukiacha ufunguo ndani ukakanyaga gesi, unaharibu sahani.

Spea zinapatikana? — Msomaji, Kenya (mtaa wa Lubumbashi)

Za injini, ndiyo: 450 SE na 450 SEL za zama hizo zina injini ileile. Kioo cha nyuma cha SLC na vile vibao vyembamba kama mapazia kwenye madirisha ya pembeni ya nyuma, hapana. Usinunue gari lililovikosa.