Barua kwa mwanangu: kuhusu lile gitaa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama nitaumia ukiuza gitaa nililokuachia ili uongezee pesa za kamera. Halafu ukachomekea swali la pili, nadhani ili kulilainisha la kwanza: eti wale watoto wa wanamuziki wa roki walioingia kwenye mitindo, picha na filamu, walikuwa wanakimbia vivuli vya wazazi wao?

Naanza na la pili, maana la kwanza linataka nivute pumzi.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, ndivyo tunavyosema. Kwa nyoka, sawa. Ila tazama watoto wa Paul McCartney, yule wa bendi ya Beatles: James ni mwanamuziki, Mary mpiga picha, Stella mbunifu wa mavazi. Watu humtazama baba tu, wanasahau kwamba mama yao, Linda, alikuwa mpiga picha kabla hajaolewa na huyo mtu wa Beatles. Kwa hiyo Mary hakuacha kazi ya nyumbani. Alishika ya mama. Na Stella, aliyeanzisha chapa yake mwaka 2001, hatumii ngozi wala manyoya ya wanyama. Hilo nalo limetoka jikoni kwa Linda, ambako nyama haikupikwa. Jina lilimbeba? Lilimbeba sana, tusidanganyane. Mwaka 1995, kwenye maonyesho ya kumaliza chuo, nguo zake zilivaliwa na wanamitindo maarufu, Naomi Campbell na Kate Moss. Nitajie mwanafunzi mwingine mwenye bahati hiyo. Lakini anayenunua koti lake leo hanunui nyimbo za babake.

Anayenigusa zaidi ni Duncan Jones. Baba yake ni mwimbaji David Bowie, ambaye alizaliwa David Jones, na kijana akabaki na hilo la Jones, jina lisilogeuza shingo ya mtu. Akasoma falsafa, akapiga matangazo ya biashara, hadi mwaka 2009 ikatoka filamu yake ndefu ya kwanza, Moon. Mtu mmoja yuko mwezini peke yake, anasimamia mitambo ya uchimbaji, wa kuongea naye ni mashine. Karibu filamu nzima inabebwa na mwigizaji mmoja. Mwaka uliofuata ikampatia Bafta, tuzo ya filamu ya Uingereza. Sasa kumbuka baba yake alianza kuvuma mwaka 1969, kwa wimbo wa mwanaanga aliyebaki akielea huko juu bila kurudi. Miaka 40 kati yao. Huyo alikimbia kivuli? Mimi naona alitoka kwa mlango wake mwenyewe, akaenda kutazama anga ileile.

Wapo pia waliobaki palepale, na siwaoni kuwa wavivu. Tafuta video za ziara ya mwisho ya bendi ya Genesis, 2021 hadi 2022. Mwimbaji wao, Phil Collins, hakuweza tena kupiga dramu, mwili umegoma. Anaimba akiwa amekaa kitini, na nyuma yake fimbo zimeshikwa na mwanawe Nic, kijana wa miaka 20, anapiga sehemu zilezile za baba. Nilitokwa na machozi kidogo. Mama yako atakwambia hayakuwa kidogo.

Haya, gitaa. Nitaumia, ndiyo, siku mbili tatu. Lakini ulipokuwa na miaka 9 nilikufundisha mishiko mitatu, ukajifunza miwili, kisha ukachukua simu yangu ukaanza kunipiga picha vidole. Ninazo mpaka leo. Uso umekatwa, vidole vimetoka safi, hata ule ukucha uliovunjika unaonekana. Nilipaswa kuelewa tangu siku ile.

Liuze. Shingo yake imepinda kidogo, upande wa nyuzi nene. Mwambie mnunuzi kabla hajaigundua mwenyewe. Na mkanda usimpe, nirudishie.

Baba yako