Pua Kwanza, Pesa Baadaye: Majibu kwa Wapenzi wa Beri

Barua zilizotufikia safari hii zina harufu ya jamu. Wasomaji wameuliza kuhusu stroberi, rasiberi, blakiberi na bluberi, na mmoja akaleta kesi ya maduka ya zamani. Tumefupisha maswali, majibu hatukuyabania.

Nanunua stroberi kubwa, nyekundu pyuu, nikizila hazina ladha. Nimeambiwa nizitandaze dirishani ziive, lakini wapi! Nakosea nini?

Aliyekushauri dirisha amekupoteza. Embe, ndizi na parachichi huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Stroberi haina tabia hiyo. Ikishatengana na mmea, sukari iliyoingia ndiyo hiyo hiyo. Rangi inaweza kukolea kidogo, na hapo ndipo macho hudanganyika, ila utamu hauongezeki hata chembe. Rasiberi na blakiberi ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kuchagua.

Anza na mabega ya tunda, pale chini ya majani. Ukiona weupe au ukijani umezunguka kikonyo, lilichumwa kabla ya wakati wake. Majani nayo yawe mabichi na yamesimama. Yakisinyaa na kujikunja, tunda limekaa sana. Kisha nusa. Stroberi iliyoiva hunukia hata kupitia matundu ya kisanduku. Kama imetoka kwenye rafu ya baridi, harufu hujificha, basi kishike kisanduku viganjani dakika moja hivi halafu unuse tena. Kimya? Kirudishe. Ukubwa usikubabaishe: stroberi ni maji kwa takriban asilimia 91, na zile kubwa mno mara nyingi zina uwazi katikati.

Halafu geuza kisanduku. Wauzaji wengi huweka kikaratasi cha kunyonya maji chini, na hicho ndicho shahidi asiyehongeka. Kikiwa kimelowa wekundu, kuna matunda yaliyopondeka usiyoyaona kutoka juu. Chungulia pembe za chini pia, maana ukungu hupenda kuanzia huko.

Bluberi zina vipimo vyake. Tikisa kisanduku taratibu: zikibingirika kila moja peke yake, ni salama, zikisogea kwa mafungu kama zimegandana, kuna iliyopasuka ikavuja. Ule utando mweupe kama vumbi si uchafu wala dawa, ni nta ya tunda lenyewe, na ukiwapo ina maana halijashikwashikwa. Yenye wekundu karibu na kikonyo itakuwa kali. Blakiberi ndiyo inayowakosesha wengi, kwa sababu watu huchagua zinazong'aa. Inayong'aa sana bado ina ugwadu. Iliyoiva barabara hufifia kidogo mng'ao. Na rasiberi lazima iwe na shimo ndani, kwa kuwa kiini chake hubaki mtini inapochumwa. Ukikuta kiini kimebaki ndani, ilivutwa kwa nguvu kabla haijawa tayari.

Nikifika tu nyumbani naziosha zote ili ziwe tayari kwa kuliwa. Siku ya pili zimeota manyoya ya kijivu, na ziko kwenye friji! Friji ni mbovu?

Friji haina kosa, maji ndiyo yenye kosa. Manyoya hayo ya kijivu aghalabu ni kuvu aitwaye Botrytis cinerea. Mbegu zake husafiri na tunda kutoka shambani, nyingine zikiwa zimeingia tangu ua lilipochanua. Baridi humpunguzia mwendo lakini haimsimamishi. Akipata unyevu na ngozi iliyochubuka, amepata makazi.

Fanya hivi. Ukifika, mwaga beri zote kwenye sinia pana, moja moja. Zilizooza na zile zilizogusana nazo zitupwe. Usikate sehemu yenye ukungu ukala iliyobaki, maana kwenye tunda laini nyuzi za ukungu huwa zimepenya ndani kuliko jicho linavyoona. Zilizopondeka tu, zisizo na ukungu, ziliwe leo hii au zipelekwe sufuriani. Nzima zipange kwenye chombo kifupi kilichotandikwa karatasi ya jikoni, safu moja, isizidi mbili. Mfuniko uachwe wazi kidogo ili mvuke utoke. Weka ndani kabisa ya friji kwenye nyuzi 1 hadi 4 za Selsiasi, si mlangoni ambako joto hupanda kila mlango ukifunguliwa. Osha zile tu unazokula wakati huo.

Kwa utunzaji huo, rasiberi hukupa siku 2 au 3, blakiberi karibu sawa na hizo, stroberi siku 3 hadi 5, na bluberi wiki nzima hadi mbili. Ndiyo maana ukiwa na mchanganyiko, rasiberi zitangulie mezani.

Kuna mbinu ya maji moto kwa mwenye kipimajoto. Pasha maji hadi nyuzi 50, yasivuke 52, tumbukiza beri zikiwa kwenye chujio, hesabu sekunde 30, toa, zamisha kwenye maji baridi, kisha zitandaze juu ya kitambaa zikauke kabisa. Joto hilo huua sehemu kubwa ya mbegu za ukungu bila kuivisha nyama ya tunda. Inapoharibika ni kwa sababu mbili: mtu amekisia joto kwa kidole akazipika, au amezirudisha frijini zikiwa na majimaji. Wengine hutumia siki, kikombe 1 kwa vikombe 3 vya maji, kwa dakika chache, halafu husuuza. Nayo inasaidia, kwa sharti hilo hilo la kukausha. Rasiberi zilazwe mdomo chini, la sivyo lile shimo litabeba maji kama kikombe. Kama utazila kesho, usijisumbue na yote haya.

Zamani ulisimama mbele ya kaunta, mwenye duka akakuchotea, akakupimia, akakufungia. Beri zile zilikuwa tamu kweli, au ni utu uzima wangu unasema?

Vyote viwili, ndugu msomaji.

Duka la kujichukulia mwenyewe lina umri unaojulikana. Mwaka 1916, huko Memphis, Tennessee, Marekani, mfanyabiashara Clarence Saunders alifungua duka liitwalo Piggly Wiggly, mteja akapewa kikapu apite kwenye rafu badala ya kumsubiri muuzaji. Mwaka huo huo, New Jersey, mkulima Elizabeth White na mtaalamu wa mimea Frederick Coville waliuza mavuno ya kwanza ya bluberi za kupandwa shambani, maana hadi hapo bluberi zilichumwa porini. Imesadifu tu, lakini ni sadfa tamu: tunda hilo na rafu hiyo vinaelewana sana. Bluberi ina ngozi imara na nta, huvumilia kukaa ndani ya kisanduku. Stroberi ndiyo iliyopata shida. Ili ifike rafuni bila kupondeka, wakulima walichagua aina ngumu zinazostahimili safari, na mara nyingi huchumwa mapema kidogo. Ladha ndiyo iliyolipa nauli.

Duka la zamani halikuwa na muujiza. Kwa kuwa baridi ilikuwa haba, stroberi ya asubuhi ilibidi iishe jioni, kwa hiyo ilitoka karibu na ilichumwa imeiva. Vikapu vilikuwa vifupi, matunda ya juu hayakuyakandamiza ya chini. Na kulikuwa na mtu wa kuulizwa. Hata hivyo tusiipake sukari enzi ile. Kupanga nono juu na vidogo chini ni ujanja wa tangu hapo, vivyo hivyo kidole kilichopumzika kwenye sahani ya mizani, na ule mfuko wa karatasi uliopasuka njiani kwa kulowa.

Yaliyo mazuri bado unaweza kuyadai. Uliza siku gani mzigo unaingia, uende siku hiyo asubuhi. Uliza zimechumwa lini. Muuzaji anayejua atakutajia siku, asiyejua atakuambia "ni mpya hizo". Omba kuonja moja pale panaporuhusiwa. Zikipimwa mbele yako, chombo kitupu kitangulie kwenye mizani isomeke sifuri, ndipo beri ziingie. Kikapu cha gramu 40 kikipimwa pamoja na mzigo ndani ya nusu kilo, umelipia mbao asilimia 8. Na ukirudi nyumbani, beri zikae juu ya vitu vyote kwenye kapu lako. Anayeziweka chini ya viazi asimlaumu mwenye duka.

Ziliwe baridi au za joto la kawaida? Na sukari iwekwe lini?

Zitoe frijini nusu saa hadi saa moja kabla, maana baridi hulaza harufu, na nusu ya ladha ya beri iko puani. Stroberi zioshwe zikiwa na majani yake, ndipo ukate kikonyo. Ukitanguliza kisu, maji yataingia kwenye jeraha na ladha itapoa.

Kwa nusu kilo ya stroberi zilizokatwa, nyunyiza vijiko 2 vya chakula vya sukari na kijiko 1 cha chai cha maji ya limau, changanya, acha dakika 30. Sukari huvuta maji kutoka ndani ya tunda na kutengeneza rojo jekundu chini ya bakuli. Ukiacha usiku kucha utakuta matunda yamelegea kama kitambaa. Chembe ya pilipili manga iliyosagwa haidhuru. Jaribu kwenye kijiko kimoja kabla hujatukatalia.

Nikigandisha zinakuwa jiwe moja, zikiyeyuka zinakuwa uji.

Jiwe linaepukika. Zikaushe, zitandaze kwenye sinia zisigusane, ziache kwenye friza saa 3 au 4, kisha zitie mfukoni na utoe hewa. Uji hauepukiki, kwa sababu barafu hupasua kuta za tunda. Zitumie bila kuyeyusha, kwenye uji wa asubuhi, keki au kinywaji cha kusaga.

Jamu yangu ya stroberi haishiki hata nikichemsha saa nzima.

Pengine haishiki kwa sababu ya hiyo saa nzima. Kinachogandisha jamu ni pektini, na stroberi inayo kidogo. Pektini huhitaji uchachu na sukari ya kutosha, na moto mdogo wa muda mrefu huivunjavunja huku rangi ikigeuka kahawia.

Chukua kilo 1 ya stroberi zilizotolewa vikonyo, gramu 800 za sukari na mililita 60 za maji ya limau. Robo ya matunda iwe yale yasiyoiva sana, kwa kuwa ndiyo yenye pektini zaidi. Changanya na sukari, iache ilale usiku mmoja. Kesho yake tumia sufuria pana, iliyojaa chini ya nusu, maana jamu huumuka. Moto mdogo hadi sukari iyeyuke kabisa, kisha moto mkali. Shabaha ni nyuzi 104 hadi 105. Ukiwa nyanda za juu namba hiyo itakudanganya: maji huchemka kwa nyuzi pungufu, karibu moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Pima maji matupu yanapochemka kwako, ongeza 4 hadi 5.

Bila kipimajoto, weka visahani kwenye friza kabla ya kuanza. Dondosha kijiko cha jamu kwenye kisahani cha baridi, ngoja dakika moja, sukuma kwa kidole. Ngozi ikikunjamana, zima moto. Ikitiririka, chemsha dakika 2 nyingine, na kila unapopima sufuria iwe nje ya moto, vinginevyo itapitiliza ukiwa unakodolea kisahani. Iache itulie dakika 10 kabla ya kumimina, ndipo vipande havitaelea juu ya chupa. Na usizidishe kipimo mara mbili kwa sufuria ile ile. Maji yatachukua muda mno kukauka, nawe utarudi kwenye saa yako nzima.

Keki yangu ya bluberi imetoka na mabaka ya kijani. Imeoza?

Haijaoza, ni magadi soda yamezidi. Rangi ya bluberi hugeuka kulingana na uchachu: penye uchachu huelekea wekundu, penye magadi huelekea ukijani. Punguza magadi, au badili maziwa ya kawaida kwa mtindi. Ukitia bluberi mwisho kabisa na kukoroga mara mbili tatu tu, hazitapasuka na rangi haitasambaa kwenye unga.