Tone la bwawa lisiloonyesha kitu

SWALI: Nina hadubini ya kukuza mara 40, 100 na 400. Nimechota maji safi katikati ya bwawa ili nione viumbe wadogo, lakini naona viduara vyeusi tu. Nakosea wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Maji ya katikati mara nyingi huwa na viumbe wachache. Viumbe hujazana kwenye utelezi wa majani na mashina. Vuta magugu kwa fimbo yenye ndoano, yakamue ndani ya chupa yenye mdomo mpana, ujaze nusu tu ili hewa ibaki. Usiingie majini, panapo konokono huenda pana kichocho. Vaa glavu za mpira. Chupa isikae juani: oksijeni ikiisha, wengi hufa na maji huanza kunuka.

Viduara vyenye ukingo mzito mweusi ni mapovu ya hewa. Weka tone dogo, gusisha ukingo mmoja wa kioo cha kufunikia, kisha kilaze polepole. Anza na 40, na upunguze mwanga. Hapa ndipo wengi hukwama, kwani mwanga hupita mwilini mwa viumbe hawa, na ukizidi hawaonekani kabisa.

Paramesia, kiumbe wa seli moja, ana umbo la soli ya kiatu na hujizungusha akiogelea. Ni mwepesi mno, hivyo tandaza nyuzi chache za pamba kwenye tone zimzuie. Vortisela, naye wa seli moja, hujishikiza kwa kikonyo. Gonga kioo polepole, kikonyo kitajikunja ghafla. Uzi wa kijani wenye utepe uliojisokota ndani ni spirogira, ambayo ni mwani.