Wageni wanakaa tu kutazama: namna ya kuwashirikisha mapishi unapouza vyombo majumbani

SWALI

Habari za kazi. Nauza vyombo vya jikoni hapa Dar kwa kualikwa majumbani. Mwenyeji anaita majirani na wenzake wa kikoba, mimi naja na vikaango visivyogandisha, presha kuka ya umeme na ile mashine ndogo ya kukatia ya kuvuta kamba. Tatizo langu ni kwamba napika mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Wageni wanakaa kwenye makochi na simu zao, wanakula, wanasifu, wanaondoka. Nikiuliza nani aje anisaidie, kimya. Kuna siku niligawa kazi kwa wote kwa mpigo, ikawa vurugu: chapati zilichanika na mgeni mmoja akajikata. Nifanyeje ili wapike wao bila shughuli kuharibika?
Msomaji, Tabata

JIBU

Dada, chanzo kipo kwenye aina ya kazi unazogawa. Muuzaji akitaka msaada hugawa zile zinazomchosha: kumenya vitunguu, kuosha nyanya, kuchambua maharage. Mgeni aliyevaa vizuri akatoka kwake hapendi kazi hizo, na hata akizifanya, bado hajakigusa chombo unachouza. Mpe ile dakika moja au mbili ambayo ubora wa chombo anausikia mkononi mwake mwenyewe: chapati inapoteleza, mfuniko wa presha unapofunguka, kitunguu kinapokatika kwa kuvuta kamba. Kumenya, kuosha, kupima na kuloweka uyamalize kabla mtu wa kwanza hajapiga hodi.

Chagua na mapishi kwa kipimo hichohicho. Pilau inanukia hadi barabarani, lakini mpishi wake ni mmoja na wengine wote ni watazamaji. Kwa wageni 8 hadi 10 na vyombo ulivyovitaja, vitu vitatu vinatosha: maharage ya nazi, kachumbari na chapati za maji. Hakuna nyama, kwa hiyo hakuna atakayesita akijiuliza nani amechinja, na aliye kwenye Kwaresima anakula bila shida. Karanga usiweke kabisa, na uliza mapema kama kuna asiyekula mayai. Mwezi wa Ramadhani usipange shughuli mchana, maana hutapata wa kuonja. Omba nafasi baada ya futari.

Tuanze na mahali. Meza ya katikati ya sebule ni fupi mno: mgeni anainama, rojo linamwagika, na waliokaa nyuma hawaoni kitu. Omba meza ya kulia chakula, itandike plastiki, iachwe wazi pande tatu ili watu waizunguke. Wewe simama pembeni karibu na moto. Ukisimama ng'ambo yao, wao wanabaki darasani. Makochi yasogezwe nyuma kabla hawajaingia, kwani aliyekwisha kaa na kupewa soda hanyanyuki tena. Pangaboi au feni inayoelekea jiko la gesi izimwe, maana upepo wake huyumbisha moto na kikaango kinapata joto upande mmoja. Dirisha liwe wazi. Presha kuka ichomekwe kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja. Nyingi zina wati 1,000 hivi na birika la umeme linafika 2,000. Vyote viwili kwenye ekstensheni nyembamba, waya unachemka. Chukua na mtungi mdogo wa gesi, umeme hauagi ukikatika. Ukishaunganisha mpira wa gesi kwenye mtungi na kuufungulia, paka povu la sabuni kwenye maungio, na ukiona mapovu yanavimba usiwashe.

Maharage ndiyo yanayoanza, kwa sababu yanajipikia huku watu wakichelewa. Ukialika saa nane, wengi watafika karibu na saa tisa. Loweka nusu kilo tangu usiku, mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya yapite juu ya maharage kwa vidole viwili. Kwa nafaka na kunde presha isijazwe kupita nusu, kwa kuwa hutoa povu linaloweza kuziba tundu la mvuke. Hapa mwite mgeni wa kwanza kufika: afunge mfuniko, asikilize ukibana, abonyeze dakika 15. Mwingine aende kusoma uniti kwenye Luku ya mwenyeji na aziandike kwenye karatasi mbele ya wote. Watazisoma tena presha ikizimika. Chombo cha wati 1,000 hakiwezi kula hata uniti moja kwa muda huo, lakini usiwatajie wewe, waache watoe wenyewe kisha wazidishe kwa bei ya uniti. Friji nayo itakuwa inakula humohumo. Waambie hivyo, ili kesho mtu asije akasema ulimpunja hesabu.

Presha inachukua dakika 10 hadi 15 kupanda, kisha 15 za kupika, kisha kama 10 za kushuka yenyewe. Usikubali mgeni afungulie mvuke ghafla ili kuwahi: kwa maharage, povu la moto linaruka na mvuke, na mkono ulio karibu unaungua. Mfuniko ukikataa kufunguka, ndani bado kuna presha, na hapo ndipo pa kumwonyesha usalama wake. Kosa lingine hufanywa na mgeni mwenye nia njema, anayetaka nyanya na ndimu ziingie mapema. Uchachu huchelewesha maharage kulainika. Vitunguu na nyanya njoo navyo vimekwisha kaangwa, uvimimine baada ya kufungua, kisha kikombe kimoja cha tui zito na dakika 5 za moto mdogo mfuniko ukiwa wazi. Tui likipikwa kwa presha hukatika na kushika chini. Kufungua mfuniko na kumimina tui mpe mtu mzima wa shughuli, bibi au mama anayeheshimiwa, na chumvi aonje yeye. Bibi kama huyo usimsimamishe foleni ya chapati, ila akishasema maharage yameiva, neno lake linatosha kuliko maelezo yako yote.

Kachumbari ni ya kujazia muda huku watu wakiendelea kuingia. Mashine ya kamba inaharibika, au inamkata mtu, kwa sababu zilezile kila mara. Kitunguu kinawekwa kizima badala ya vipande vinne, bakuli linajazwa mpaka juu, mfuniko haujakaa sawa, au kamba inavutwa kuelekea juu na mashine inaruka. Mkono mmoja ukandamize mfuniko, mwingine uvute kamba kwa usawa wa meza. Bakuli liishie nusu. Mivuto 5 au 6, fungueni mtazame. Mkizidisha mno mnapata rojo lenye maji makali. Nyanya usizitie humo hata kidogo, zikate kwa kisu, na uwaambie wageni wazi kwamba mashine hii si ya nyanya za kachumbari. Mtu akiisikia kasoro kwako mwenyewe, na sifa unazotaja ataziamini. Jeraha la mgeni wako siku ile huenda lilitokea hapa: watu huingiza kidole kukomba kitunguu kilichonasa. Visu vya mashine vishikwe kwa kishikizo cha plastiki tu, kukomba ni kwa mwiko mdogo, na visichanganywe na vyombo vingine kwenye beseni la povu. Vioshe wewe, palepale.

Sasa chapati za maji, ambazo ndizo zitakazouza vikaango. Kwa watu 10: unga wa ngano nusu kilo (vikombe 4 vya mililita 250), mayai 4, maji vikombe 5, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, mafuta vijiko 2 vya chakula. Zinatoka kama 20. Weka kwanza nusu ya maji, koroga mpaka rojo zito lisilo na mabonge, ndipo uongeze yaliyobaki. Maji yote yakiingia kwa mara moja, mabonge yanaelea na hayavunjiki tena. Liache nusu saa, unga unywe maji. Ukitaka kitunguu au hoho, iwe imekatwa ndogo sana, kwani kipande kikubwa kinainua chapati na hapo ndipo inapochanikia.

Kikaango cha sentimita 24 kinataka upawa wa mililita 80 hivi. Moto wa wastani, pitisha mafuta kidogo kwa kitambaa kwa ile ya kwanza tu. Usiwaahidi "bila mafuta kabisa" wakati ndani ya rojo umetia. Mgeni amimine, ainamishe kikaango huku na huku, kisha asubiri. Chapati zako zilichanika kwa mojawapo ya sababu tatu: kikaango kilikuwa hakijapata moto, rojo lilikuwa zito, au, na hii ndiyo ya mara nyingi, mtu aliona aibu kusubiri mbele za watu akageuza mapema. Dalili ni mbili tu, juu hakuna tena ubichi unaong'aa na kingo zimejiinua. Hapo mwambie asiguse kwa mwiko bado, ashike mpini na kutikisa. Chapati ikizunguka yenyewe ndani ya kikaango, mkono wake umeshajua anachonunua. Akitaka kuirusha juu igeuke, mzuie kwa upole; baibui, mtandio na mikono mipana ya dera viko karibu na moto. Beba pini za kukunjia mikono na kanga mbili za kufunga kiunoni.

Kila chapati inachukua dakika kama 3 pamoja na kupokezana. Kikaango kimoja kwa wageni 10, kila mmoja chapati moja, ni nusu saa, na nyuma simu zitakuwa zimeshatoka. Tumia viwili kwa pamoja kwenye jiko la plate mbili, mnamaliza kwa robo saa. Na hiki ukishike sana: aliyemaliza ndiye amwelekeze anayefuata, si wewe. Mtu akishamwonyesha mwenzake namna ya kutikisa, tayari anakisifu chombo kwa kinywa chake bila kuombwa. Wewe mikono yako iwe nyuma. Mgeni akikosea, mwambie la kufanya. Ukimnyang'anya mwiko, anarudi kukaa na hanyanyuki tena, na waliobaki wameona.

Angalia pia kikaango kisikae kitupu juu ya moto watu wakipiga soga. Tabaka la kisichogandisha, lile la PTFE, huanza kuharibika joto likipita takriban nyuzi 260 za Selsiasi na kutoa moshi unaowasha, na kikaango kitupu kwenye gesi kali hufika huko kwa dakika chache. Mkisitisha, zima. Kikiwa cha moto kisitiwe maji ya baridi, kitapinda. Vijiko vya chuma vya mwenyeji viondoe mezani, la sivyo mtu atavitumia na kukwaruza tabaka.

Kuhusu kimya unachokipata: swali la "nani aje" halimwendei mtu yeyote, na hakuna anayetaka kuonekana kimbelembele. Kabla ya siku, muulize mwenyeji ni rafiki yake yupi mchangamfu, uanze na huyo, umwite kwa jina analoitwa mtaani, "mama fulani, shika mpini huu utikise," ukimkabidhi mpini wakati huohuo. Usianze na mwenyeji, maana yeye watu wanajua yuko upande wako. Kazi iwe na mwisho unaoonekana. Mtu akikataa mara mbili, mwache. Mpe kuhesabu dakika za presha, naye yumo. Watoto wapewe kuosha majani ya giligilani mbali na jiko. Wote wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kugusa chochote, kwa hiyo ndoo yenye bomba ikae mlangoni, isiwe bafuni.

Hesabu ya bei isiingie wakati watu wanapika. Mgeni akiwa ameshika kikaango, muulize kitu kimoja tu: kwake anapikia jiko gani. Wa gesi, sawa. Mwenye jiko la umeme la sumaku (induction), chukua sumaku ndogo uiweke chini ya kikaango mbele yake. Isiposhika, jiko hilo halitakipasha. Anayepikia mkaa pekee usimuuzie kisichogandisha, kwani moto wa mkaa haupunguzwi kirahisi, tabaka litaungua na mpini utayeyuka, kisha atakwenda kuwasimulia kikoba kizima. Huyo muelekeze kwenye mashine ya kukatia, au presha kama ana umeme. Kikaango mlichopikia usikiuze kama kipya. Kiandike cha maonyesho, ukipeleke nyumba inayofuata.