Kama hujamzika, usiandike "amefariki"

Dada uliyeuliza kuhusu mumeo, aliyetoka na chombo Kigombe, huku Tanga, mwaka juzi asirudi: umeuliza mafao, umeuliza eda, umeuliza akaunti ya benki, halafu katikati umesema kuna mtu atakutafutia barua ya mtaa kwamba mumeo alifia nyumbani, upate cheti cha kifo haraka. Usiweke saini. Hata akikuambia kesho ndiyo mwisho.

Kaka yetu alitoka Sahare kuvua, msimu wa kusi. Mzee wetu hakutaka kusikia habari ya polisi. Kwake kufungua RB, yaani kuandikisha taarifa kituoni, ilikuwa sawa na kumzika mwanawe kwa mdomo. Miaka ikaenda, mambo yakabana: ada za watoto, shamba la minazi Tongoni lenye jina lake. Ndipo akaja kishoka mmoja, faili kwapani, maneno asali tupu. Eti kesi ya mtu aliyepotea haiishi, "andikeni alifariki usingizini, nani atakwenda kufukua?" Wazee wakasaini muhtasari wa kikao cha ukoo. Cheti kikatoka, mirathi ikafunguliwa Mahakama ya Mwanzo.

Ndugu yetu wa baba mmoja, naye analitaka shamba, akaweka pingamizi. Hakuhitaji wakili. Aliomba kitu kimoja tu, familia ionyeshe kaburi.

Mzee akasimama, kofia yake ya viua kaishika kwa mikono miwili, akasema, "Mheshimiwa, kaburi la mwanangu ni bahari." Alisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyotumaliza, kwa sababu karatasi tulizopeleka wenyewe zilisema amezikwa mtaani kwetu. Usimamizi ukatenguliwa. Mzee wa watu, na presha yake, akaitwa polisi kuhojiwa habari za kughushi. Kishoka? Simu haipatikani mpaka leo. Alikula pesa ya watoto yatima na akamwachia mzee aibu. Simsamehi.

Na hayo bado ni madogo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamruhusu mke kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba mumewe anadhaniwa amekufa, ikithibitika hajasikika kwa miaka 5 na watu ambao, angekuwa hai, wangepata habari zake. Shemeji alipoishika njia hiyo akakutana na swali: kwanza mlisema alifia kitandani, leo mnasema alipotea baharini, tushike lipi? RB ya kuonyesha tulianza lini kumtafuta hatuna. Nahodha wa mwisho kumwona kashahamia Pemba.

Kwa hiyo kila karatasi, ya mtendaji, ya polisi, ya kikao cha ukoo, iandikwe AMEPOTEA. Kafungue RB kesho asubuhi, usiseme umechelewa. Taja siku aliyoondoka, jina la chombo, aliofuatana nao, aliyemwona mwisho. Wavuvi waliokuwa maji yale siku ile watoe maelezo sasa hivi, wangali wapo na wanakumbuka. Ujumbe wake wa mwisho kwenye simu usiufute, na simu yenyewe usiiuze.

Na huyo mtu wako akirudi na fomu zake, muulize nani alimwosha maiti na nani alichimba kaburi. Akikosa jibu, mfungulie mlango atoke. Kama unaogopa kwenda kituoni peke yako niandikie, nipo Sahare, nitakusindikiza.